Kopo la kupimia: tengeneza maktaba yako ndogo ya JavaScript

Wazazi wengi wameshaona jambo hili nyumbani. Kijana anarudi kutoka chumba cha kompyuta, daftari limejaa mabano, nukta na maneno yasiyosomeka. Ukimuuliza anasema anajifunza JavaScript. Mzazi ananyamaza, lakini moyoni anajiuliza: hivi hiyo nayo ni elimu? Na hayo mabano yatamfikisha wapi?

Mwezi huu tunaeleza zoezi moja linalomfaa kijana aliyekwisha kumaliza masomo ya mwanzo ya kompyuta. Zoezi lenyewe ni kujitengenezea maktaba ndogo ya programu. Halihitaji intaneti, halihitaji kununua kitu, na linaweza kufanywa na mtu mwenye saa mbili tu za zamu kwa wiki. Wazazi nao wasome mpaka mwisho, maana mfano tutakaotumia ni fedha za akina mama.

JAVASCRIPT NI NINI?

Ni lugha ya kuandikia programu, yaani ya kuiamuru kompyuta ifanye kazi. Aliyeianzisha ni Brendan Eich, mwaka 1995, alipokuwa katika kampuni ya Netscape huko Marekani. Toleo la kwanza aliliandika kwa siku 10 tu. Haraka ile imeacha alama: lugha hii ina tabia kadhaa za ajabu ambazo mpaka leo zinawasumbua wanaojifunza. Tutaziona hapa chini. Jina lake linafanana na Java, lakini hizo ni lugha mbili tofauti kabisa, msichanganye.

Faida yake kwetu ni hii: kila kompyuta yenye brauza tayari inaielewa JavaScript. Unafungua Notepad, unaandika mistari yako kati ya <script> na </script>, unahifadhi faili kwa jina linaloishia na .html, kisha unalifungua kwa brauza. Basi. Mtandao ukikatika, kazi inaendelea. Zamu ikiisha, unaweka faili kwenye flashi na kuondoka nayo.

MAKTABA BILA VITABU

Maktaba tunayoisema si nyumba ya vitabu. Katika programu, maktaba ni mkusanyiko wa vifaa vidogo vidogo vilivyokwisha kutengenezwa, na kila kimoja kinaitwa fanksheni.

Fanksheni ni kama lile kopo la kupimia unga. Fundi analikata na kulikunja mara moja, lakini litapima kwa mamia ya watu. Kopo likiwa sawa, hakuna anayelikumbuka. Likiwa limebonyea ndani, kila anayepimiwa anapunjwa, na wala hatajua, maana kopo linaonekana limejaa. Ndivyo ilivyo fanksheni. Unaiandika mara moja, inatumika mara elfu. Ikiwa na kosa, kosa lile nalo linarudiwa mara elfu.

Watengenezaji wakubwa walianza hivyo hivyo. John Resig alitoa jQuery mwaka 2006. Jeremy Ashkenas alitoa Underscore mwaka 2009, maktaba ya fanksheni za kupanga, kuchuja na kuhesabu orodha. John-David Dalton akafuata na Lodash mwaka 2012. Zote zinatolewa bure, kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzisoma na kuzitumia.

Sasa utauliza: kama zipo na ni bure, kwa nini mtoto ahangaike kutengeneza yake? Sikiliza kilichotokea mwaka 2016.

MISTARI 11 ILIYOSIMAMISHA KAZI

Kuna ghala kubwa la mtandaoni liitwalo npm, ambamo watengenezaji wanaweka vifurushi vyao vya JavaScript ili wengine wavichukue. Mwezi wa Machi 2016, mtengenezaji mmoja, Azer Koçulu, aligombana na kampuni moja kuhusu jina la kifurushi. Wenye ghala walipoipa kampuni jina hilo, yeye akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250.

Kimoja kati ya hivyo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu. Kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au sifuri mbele ya neno ili lifikie urefu unaotakiwa: 7 iwe 007. Hakuna zaidi. Lakini programu kubwa zinazotumiwa duniani kote zilikuwa zinategemea programu nyingine, ambazo nazo zilitegemea kile kifurushi cha mistari 11. Kilipoondoka, kazi za watengenezaji wengi zilikwama papo hapo, mpaka wenye ghala walipokirudisha baada ya saa chache. Mwaka uliofuata, 2017, lugha yenyewe ya JavaScript iliongezewa fanksheni ya kazi hiyo, inaitwa padStart.

Funzo si kwamba kuazima ni vibaya. Wote tunaazimana, hata jirani anakuja kuomba moto. Lakini mwanafunzi aliyewahi kuandika ile mistari 11 mwenyewe anajua ndani kuna nini. Kikivunjika, hashangai. Anakaa chini na kutengeneza kingine.

MFANO WETU: DAFTARI LA AKIBA

Tuseme kuna kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Wanachama ni 23. Kila wiki kila mmoja anatoa alichonacho: huyu 500, yule 2,000, mwingine 5,000. Katibu anaandika kwenye daftari. Sasa kijana wa mmoja wao anataka kusaidia hesabu kwa kompyuta. Afanyeje?

Kifaa cha kwanza ni cha kujumlisha:

function jumla(orodha) {
  let j = 0;
  for (const x of orodha) {
    j = j + x;
  }
  return j;
}

Angalieni. Maneno kama function na return ni ya lugha yenyewe, hayabadiliki. Lakini jumla, orodha, j na x tumeyachagua sisi. Wengi wanadhani lazima kila kitu kiwe kwa Kiingereza. Si kweli. Vifaa vyako vipe majina ya Kiswahili, au lugha yoyote ya nyumbani, ili ukirudi baada ya wiki tatu ukumbuke kila kimoja kinafanya nini.

Mistari inasomeka hivi: anza na sifuri, chukua kila kitu kilichomo kwenye orodha kimoja kimoja, kiongeze, ukimaliza, rudisha jibu. Ukimpa 5000 na 3000 anajibu 8000. Kijana anafurahi.

Kumbe kazi bado. Kiasi kinapoandikwa kwenye kisanduku cha ukurasa, JavaScript inakipokea kama maandishi, siyo kama namba. Na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi, haijumlishi, inaunganisha. Kwa hiyo jibu la 5000 na 3000 litakuwa 050003000. Kompyuta hailalamiki, haiwashi taa nyekundu. Inakupa tu kikundi chenye milioni hamsini!

Dawa yake ni kuandika j = j + Number(x), yaani ibadilishe kwanza iwe namba. Hapo 8000 inarudi. Lakini usikimbie kushangilia. Katibu akiandika 5,000 kwa mkato, kama tunavyozoea, Number haiielewi. Jibu linakuwa NaN, maana yake "si namba", na jumla yote inaharibika. Hilo ni afadhali, kwa sababu linaonekana. Baya zaidi ni kisanduku kilichoachwa wazi: Number inakihesabu kuwa 0, kimya kimya. Je, mama huyu hakutoa, au katibu alisahau kuandika? Hayo ni mambo mawili tofauti, na mkutanoni yanaweza kuleta ugomvi. Kifaa kizuri kinasimama na kuuliza, hakikisii.

KUPANGA KWA UKUBWA

Kifaa cha pili ni cha kupanga michango kutoka mdogo kwenda mkubwa. JavaScript ina fanksheni yake tayari, sort. Ipe 500, 9000, 2000 na 10000. Itakurudishia hivi: 10000, 2000, 500, 9000.

Msicheke. Inazipanga kama maneno ya kamusi: inaangalia tarakimu ya kwanza, na 1 inatangulia 2. Lazima uiambie ilinganishe kwa hesabu. Tena kuna la pili: sort inaigusa orodha yenyewe, haitengenezi nyingine. Kama orodha ya kwanza ilifuata utaratibu wa kukaa kwenye mkutano, utaratibu huo umepotea. Kwa hiyo tunatengeneza nakala kwanza, ndipo tupange:

function panga(orodha) {
  return [...orodha].sort((a, b) => a - b);
}

Zile nukta tatu ndizo zinazotengeneza nakala. Na a - b ndiyo inayosema "linganisha kwa hesabu".

WAKINA FURAHA WAWILI

Sasa tufike penye uzito. Kifaa cha tatu kinaondoa marudio. Katibu amechoka, ameandika mwanachama mmoja mara mbili. Tunataka abaki mara moja. Kijana wa haraka haraka atasema: rahisi tu, majina yakifanana, futa moja.

Lakini katika kikundi kile kuna akina Furaha wawili. Mmoja ni wa bloki ya juu, mwingine wa bloki ya chini, na majina yao yote mawili yanafanana mpaka herufi ya mwisho. Kila mmoja ametoa akiba yake kwa miezi minane. Kompyuta inamfuta mmoja kwa nukta ya sekunde, na haitoi sauti. Siku ya kugawana akiba, mama yule anakuja, jina linasomwa mara moja, na mwenzake amekwisha kupokea. Atamlalamikia nani? Ataambiwa "kompyuta ndiyo imesema". Na sisi tunaoishi kwa orodha tunajua maana ya kufika mbele ya meza ukaambiwa jina lako halipo.

Ndiyo maana kifaa kinaangalia namba ya uanachama, siyo jina:

function ondoaMarudio(wanachama) {
  const walioonekana = new Set();
  const safi = [];
  for (const m of wanachama) {
    if (!walioonekana.has(m.namba)) {
      walioonekana.add(m.namba);
      safi.push(m);
    }
  }
  return safi;
}

Set ni kama kapu lisilokubali kitu kilekile mara mbili. Kwa kila mwanachama tunauliza: namba hii imeshaingia kapuni? Kama bado, tunaitia, na mwanachama anaingia kwenye orodha safi. Tahadhari moja: kwa kompyuta, namba 7 na maandishi "007" ni vitu viwili tofauti. Hapo ndipo kile kifaa cha mtindo wa left-pad kinapohitajika, ili namba zote ziwe na sura moja kabla hazijafika kapuni.

Ni vizuri zaidi kifaa kisifute kabisa, bali kitoe orodha ya pili ya wale waliorudiwa, ili binadamu aisome mwenyewe. Kompyuta inaonyesha, watu wanaamua.

JINSI YA KUJARIBU KOPO

Fundi mzuri hasemi kopo lake ni sawa kwa kuliangalia. Analijaza, analimwaga kwenye mizani. Fanksheni nazo zinapimwa. Kabla hujaandika mstari hata mmoja, chora kwenye daftari safu mbili: "nikiipa hiki" na "inijibu hivi". Kisha tengeneza kifaa kidogo cha kupimia:

function hakiki(jina, jibu, tarajio) {
  if (jibu === tarajio) {
    console.log("SAWA: " + jina);
  } else {
    console.log("KOSA: " + jina + " imetoa " + jibu);
  }
}

Kiite hivi:

hakiki("wawili", jumla(["5000", "3000"]), 8000);
hakiki("hakuna mtu", jumla([]), 0);

Bonyeza F12 kwenye brauza, fungua sehemu iitwayo Console, utaona SAWA au KOSA. Kila fanksheni ipimwe kwa mambo manne angalau: hali ya kawaida, orodha tupu, orodha yenye kitu kimoja, na kitu cha ajabu ambacho hukukitegemea.

Mfano wa cha ajabu. Kifaa cha nne kinagawa orodha katika makundi: wanachama 23 kwa makundi ya watu 5, unapata makundi 5, na la mwisho lina watu 3. Sasa mtu akiandika makundi ya watu 0 itakuwaje? Ukiwa umetumia mzunguko unaoruka kwa idadi hiyo, utaruka sifuri, sifuri, sifuri, bila kufika mwisho. Ukurasa unaganda na zamu yako inaliwa. Mstari mmoja wa kukagua idadi mwanzoni unaokoa yote hayo.

RATIBA KWA MWENYE ZAMU FUPI

Usiende kwenye kompyuta kufikiri. Fikiria nyumbani, kompyuta ni ya kupima.

Wiki ya kwanza: andika jumla na hakiki kwenye daftari. Zamuni, ziingize na kuzipima.
Wiki ya pili: panga, pamoja na nakala.
Wiki ya tatu: kujaza sifuri mbele ya namba. Iandike mwenyewe kwanza, kisha linganisha na padStart.
Wiki ya nne: ondoaMarudio.
Wiki ya tano: kugawa makundi.
Wiki ya sita: mpe mwenzako vifaa vyote avivunje. Asiyeandika ndiye anayeona tundu.

Juu ya kila fanksheni andika mistari miwili ya Kiswahili: inapokea nini, inarudisha nini. Mtangulie na alama // ili kompyuta isiisome. Ukishamaliza, ukipata nafasi ya mtandao, hifadhi Underscore kwenye flashi uisome taratibu. Wenyewe wametoa nakala yenye maelezo pembeni ya kila fanksheni. Utashangaa kuona mawazo yako mengi yamo mle, na mengine hukuyawaza kabisa.

Onyo kubwa: katika mazoezi usitumie majina ya kweli ya watu wala namba zao za kadi. Kompyuta ya wote ni kama kisima cha wote, kila mtu anachungulia. Tunga majina.

NENO KWA WAZAZI

Tuseme ukweli. Maktaba ya fanksheni tano haimpi mtu ajira kesho, na sheria za kazi kwa wakimbizi hazifanani nchi kwa nchi. Anayewaahidi utajiri wa haraka kwa kompyuta anawadanganya. Anachopata kijana ni mazoea ya kutokuamini jibu kwa sababu tu limetoka kwenye mashine. Kesho akiwa katibu, mwalimu, karani wa ghala au muuza duka, mazoea hayo atakuwa nayo, hapa au tutakapokuwa tumerudi nyumbani.

Huhitaji kujua kompyuta ili umsaidie. Mwulize maswali matatu: Kifaa hiki kinapokea nini? Kinajibu nini? Umekipima kwa orodha tupu? Akibabaika, mwambie akajaribu tena. Na mabinti wapewe zamu zao kikamilifu. Kama zamu ya binti ni saa nane, maji yachotwe na kaka yake siku hiyo. Si mengi kuomba.

ZOEZI LA MWEZI

Andika fanksheni iitwayo wastani: inapokea orodha ya michango na kurudisha mchango wa wastani. Tumia jumla uliyokwisha kuiandika, usianze upya. Kisha jibu haya: Orodha ikiwa tupu inajibu nini, na kwa nini? Je, mwanachama ambaye kisanduku chake kiko wazi ahesabiwe katika idadi ya watu, au la? Swali hilo la pili halina jibu moja. Kawaulize akina mama wa kikundi chochote mlicho karibu nacho, mwandike walivyosema. Majibu tutayaangalia pamoja katika toleo lijalo.

Kazi njema, na zamu njema.